Kikohozi Kilichofugwa

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtaani walimwita Kinu. Si kwa umbo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kile kifundo cha kooni kilimtokeza kama kiwiko. Jina lilitokana na kutafuna. Mpe mfupa, atakurudishia unga. Mpe gamba la mkate ambalo hata panya wamelisusa, atalisaga polepole, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, macho kayafumba nusu, na misuli inapanda na kushuka mpaka karibu na masikio. Nilikuwa nikimtania, "Shemeji, hicho chakula kimekukosea nini?" Hajibu mpaka amalize, maana hakuwa mtu wa kuongea huku mdomo umejaa. Akishameza ndipo aniambie, "Wewe, shemeji, unameza kama bata. Tumbo halina meno."

Na mimi nasema wazi, siku alipoletwa nyumbani kutambulishwa sikumtaka. Nilimvuta mdogo wangu jikoni nikamwambia, mwanamume anayekaa na tonge moja muda wote ule, nyumba ikishika moto atatoka lini? Akacheka mpaka akakaa chini, na akaolewa naye hivyo hivyo. Basi, ikawa ndoa. Walikula wakitazamana, bakuli moja, na mdogo wangu akajifunza kutafuna taratibu ili asimmalizie chakula mwenzake. Ukienda kwao saa ya kula jiandae, utakaa pale mpaka miguu ife ganzi.

Kazi yake ilikuwa kiwandani, kwenye unga wa uji wa watoto wachanga. Alisimama chini ya bomba linalomwaga unga, anaweka mfuko, unajaa, anautoa, anaweka mwingine. Usoni kitambaa, kichwani kofia, na bado jioni alirudi na nyusi nyeupe kama babu yake. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana, na aliipenda. Alisema hakuna mtoto mjini ambaye hakuanza kula mikononi mwake.

Kisha asubuhi moja alikuwa anapiga mswaki. Akasukutua, akataka kutema, maji yakamtiririka upande mmoja wa mdomo mpaka kifuani. Akajitazama kwenye kioo, akadhani kioo kimepinda. Mdogo wangu alipoingia alimkuta anakinyoosha kioo ukutani kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine unaning'inia. Kiharusi. Jamani, neno hilo unalisikia kwa watu, unasema pole, unaendelea na safari yako. Lisikie ndani ya nyumba yenu uone.

Mkono ulirudi kidogo. Mguu ukawa wa kuburuta, lakini ulitembea. Koo ndilo lililogoma. Hospitali walimpitishia mpira puani mpaka tumboni, wakawa wanamlisha kwa huo, naye akauvuta akautupa. Wakaurudisha, akautupa tena, na damu puani. Alikuwa anaongea kwa shida, nusu ya ulimi imelala, lakini neno moja alilitamka likaeleweka wodi nzima: "Mdomo!" Alitaka kula kwa mdomo, kama mtu.

Ndipo akaja yule mtaalamu wa koo, mwanamke wa makamo mwenye viatu bapa na subira ya ajabu. Hakuanza na mgonjwa, alianza na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. "Mama," akaniambia, "weka vidole kooni, hapo. Meza mate." Nikameza. "Kimepanda?" Kimepanda kweli, kile kifundo, kikashuka. "Sasa jaribu kuvuta pumzi wakati ule ule unapomeza." Nikajaribu. Sikuweza. Nikajaribu tena, macho yakanitoka. "Huwezi," akasema, "na ushukuru."

Akatueleza kwa mikono yake. Meno yanasaga, mate yanalainisha, mashavu yanasukumia chakula katikati, ulimi unakikusanya kiwe tonge na kulisukuma nyuma. Likifika nyuma, kaakaa laini linainuka na kuziba njia ya pua. Kifundo cha koo kinapanda, na kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge kinalala juu ya njia ya hewa. Pumzi inasimama. Hapo umio, ile njia ya chakula, unafunguka, tonge linateremka, na kila kitu kinarudi mahali pake. Yote hayo kabla hujapepesa jicho vizuri. Umri wangu wote nimemeza, tena kama bata, na sikujua kwamba kila tonge linapita mlangoni pa mapafu.

"Kwa mgonjwa wenu kila kitu kipo," akasema, "ila kinachelewa. Ulimi ukisukuma, kifuniko bado. Kwa hiyo mpeni kizito. Uji mzito unatembea kama mzee, unafika mlango umeshafungwa. Maji yanakimbia. Msimpe maji."

"Maji?" nikaruka. "Maji ndiyo mepesi! Mgonjwa hapewi maji?"

"Maji ndiyo yatakayomuua," akasema, bila kupandisha sauti.

Akatufundisha. Akae wima, kidevu kishuke kifuani, wala tusimwinulie kichwa kama tunavyofanya sote kwa wagonjwa, maana kumwinua kichwa ni kumfungulia njia ya hewa. Kijiko kidogo. Ameze, ameze tena, kisha aseme "aaa" tusikilize sauti yake. Akikohoa, tusimamishe kula, tupumzike, na chakula kingine kiwe kizito zaidi. Tukikaa muda bila kikohozi, tulegeze kidogo. Na akatuonya: kifua kikiingiwa na chakula kikaugua, mdomo utafungwa, atalishwa kwa mpira wa tumboni, na huenda ikawa moja kwa moja. Shemeji alikuwa amekaa kitandani anasikiliza. Alimtazama mtaalamu, akamtazama mke wake, akatikisa kichwa: hapana, huko hatufiki.

Mdogo wangu aliyashika yote, lakini lililomganda ni lile la kikohozi. Mtaalamu alikuwa anatuambia kikohozi ni mlinzi. Sisi tulielewa kwamba kikohozi ni adui. Kasoro ni hiyo tu, na kwa mtu mwingine yeyote pengine isingekuwa kitu.

Nyumbani alimkalisha kwenye kiti chenye mikono, karibu na dirisha, mito mgongoni. Bakuli mapajani kwake, kijiko cha chai mkononi. "Kidevu chini, baba. Meza. Meza tena. Sema aaa." Siku za mwanzo alikohoa. Akikohoa, uji unaruka mpaka kwenye pazia, na mdogo wangu ananyanyuka na bakuli lake, anakwenda nalo jikoni, anafungulia bomba maji yamwagike ili kilio chake kisisikike. Nyumba yenyewe vyumba viwili, utajificha wapi? Shemeji alikuwa anasikia. Nilimwona anavyolitazama lile bakuli likiondoka. Alikuwa anakonda, suruali anaifunga kwa kamba, na kila kikohozi kilikuwa kinamnyang'anya chakula kingine.

Halafu akaacha kukohoa.

Ilianza tu hivyo. Asubuhi moja uji uliisha wote, kimya. Mchana vile vile. Mdogo wangu alinipigia simu anapumua kama aliyekimbia: "Dada, hajakohoa!" Nikaenda mbio. Nikamwona kwa macho yangu, kijiko kwa kijiko, kidevu chini, meza, meza tena, aaa. Nikapiga kigelegele, jirani akatoka kuuliza nani anaolewa. Tukalegeza uji. Hakukohoa. Tukaingia kwenye viazi vya kupondwa, kisha vya kupondwa vyenye mchuzi. Kimya. Mdogo wangu akaanza kupaka mafuta usoni tena. Chai ya maziwa, kijiko kimoja, viwili, kikombe. Nikamwambia mdogo wangu, yule mtaalamu wako na atafute kazi nyingine.

Siku ya maji nilikuwepo. Tulishaambiwa, msimpe maji, lakini moyo ukishaota mabawa unamsikiliza nani? Mdogo wangu alimpa kwenye bilauri. Shemeji akanywa. Akafunga midomo. Macho yakawa mekundu, machozi yakamtoka, mkono wake mzima ukashika mkono wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akashusha pumzi, akasema "aaa", na ile sauti ilikuwa kama ya mtu anayesukutua.

"Analia kwa furaha," mdogo wangu akaniambia. Mimi, mwenye domo la kusemea mtaa mzima, siku hiyo nikaitikia tu.

Homa ilimpanda wiki hiyo hiyo. Alitetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu. Mbavu zikawa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Tukamrudisha hospitali katika gari la kukodi, mdogo wangu kamkumbatia kwa nyuma, anamhesabia pumzi sikioni kama mama anayembembeleza mtoto.

Mtaalamu akaja. Aliweka kifaa chake kooni kwa mgonjwa, akasikiliza, akauliza, "Mara ya mwisho alikohoa lini?"

"Hajakohoa kabisa!" mdogo wangu akasema. Na alisema kwa fahari, maskini ya Mungu. Katikati ya balaa lile, alikuwa bado anampa sifa mumewe.

Yule mama akakaa chini. Akamwomba mdogo wangu amweleze alichokuwa anampa, naye akamweleza mpaka kwenye maji. Mtaalamu hakugomba. Afadhali angegomba. Pumzi ya mgonjwa ilipotulia kwa dawa walimpeleka kwenye mashine inayopiga picha zinazotembea, wakamwekea mdomoni kijiko cha dawa nyeupe, kidogo mno, na sisi wawili wakatusimamisha nyuma ya kioo. Nikaona taya la shemeji likitembea, mifupa tu, kama kawaida yake. Nikaona ulimi ukisukuma. Nikaona ule weupe ukifika njia panda, na mlango uko wazi, na nusu yake ikaenda njia ya chakula, nusu ikateremka pasipo pake. Nikasubiri akohoe. Kifua kiliruka, mara moja, kwa ndani. Midomo ilikuwa imebanwa.

"Wapo wasiohisi," mtaalamu akasema taratibu. "Chakula kinaingia kwenye mapafu nao hawana habari. Nilidhani ni mmoja wao. Lakini huyu anahisi. Mnamwona? Anahisi vizuri kabisa. Anakizuia."

Anakizuia! Kikohozi kinazuiwa? Nilitaka kumwambia mama huyo amechoka, akapumzike. Lakini mdogo wangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Kiwandani," akasema. "Dada, kule kiwandani."

Ndipo nikajua. Kule kwenye unga wa watoto, mtu akikohoa chini ya bomba anatolewa kwenye mstari. Sababu yenyewe ni ya maana, nani anataka kikohozi cha mtu kwenye uji wa mtoto wake? Lakini unga wenyewe unawasha koo, na aliyetolewa leo kesho huenda asirudishwe. Kwa hiyo wazee wa kazi walifundishana. Ulimi unaukandamiza juu kwenye kaakaa, unabana midomo, unakaza tumbo, unakiacha kikohozi kife hapo hapo kifuani, na machozi yakitoka unaomba ruhusa ya kufuta jasho. Walishindana wakati wa mapumziko, wakinusishana pilipili. Shemeji yangu alikuwa bingwa wao. Mdogo wangu alikuwa anajua, kwa sababu alifua vile vitambaa vya usoni, na mumewe alimsimulia kwa kicheko.

Tulirudi wodini. Mimi sijui kunyamaza, nikamuinamia. "Shemeji, kwa nini? Kwa nini, mwenzetu?"

Kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Nikikohoa," akasema, "analia." Akapumua. "Anaondoa bakuli."

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi usemi huo nimewapiga nao watu wengi. Siku ile nilitamani anayeusema aje pale wodini aniambie mimi. Huyu hakuficha maradhi kwa ujinga. Alificha ili asimlize mke wake, na ili aendelee kula. Mdogo wangu alipiga godoro kwa ngumi. "Ungekohoa! Ungenikoholea mimi usoni! Nani alikwambia nataka kimya? Nataka wewe!" Akapiga tena, muuguzi akaja, akatutazama, akaondoka. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe na machozi yanatiririka upande mmoja tu, ule uliobaki na nguvu za kulia.

Mdomo ukafungwa. Wakampitishia mpira kwenye ngozi ya tumbo. Mdogo wangu alimshika mtaalamu koti lake jeupe, akaning'inia nalo kama mtoto. "Hata kijiko kimoja, mama yangu? Kizito? Kizito kama udongo?" Mtaalamu alimshika mikono. "Mapafu yake hayataweza mara nyingine. Hata kijiko." Akasema na mate pia tuyaangalie. Chakula kikinukia, mdomo unajaa mate, hauna habari kwamba hakuna mlo unaokuja, na mate nayo ni maji. Tuwe na kitambaa, tuyafute.

Wakarudi nyumbani. Uji mwepesi unamiminwa kwenye mpira, unashuka, mgonjwa anautazama kama mtu anayetazama gari likitiwa mafuta. Uzito ukaanza kurudi kidogo. Kifua hakijapona, asikudanganye mtu. Kila wiki homa inakuja inabisha hodi. Lakini aliyeanza kuniogopesha ni mdogo wangu. Mashavu yakamwingia, nguo zikamzidi. Nikimuuliza umekula, ananijibu nimekula. Umekula nini? Nimekula, dada.

Mchana mmoja nikaingia bila hodi. Sebuleni shemeji kakaa peke yake dirishani, mapajani hana kitu. Jikoni hakuna moto. Nikafungua mlango wa bafu. Mdogo wangu amesimama humo, uso ukutani, kipande cha mkate mkavu mkononi, anakisukuma mdomoni na kukimeza hivyo hivyo, bila kutafuna, ili asisikike. Shingo inamtoka mishipa. Kilimkwama, akapiga kifua, kikashuka, akasukuma kingine.

Nilipandisha hasira. Siwezi hata kusimulia niliyoyasema. Nilimwambia anataka kunipa misiba miwili kwa gharama ya mmoja. Nilimwita mwendawazimu. Naye akawa ananinyamazisha kwa mikono, shh, shh, dada, atasikia, sitaki asikie ninatafuna. "Nitatafunaje, dada, naye yupo pale? Nitafungua mdomo kwa uso gani?"

Sauti ikatoka sebuleni. Nzito, imepinda, lakini tulielewa sote.

"Ulie hapa."

Mdogo wangu akatikisa kichwa ukutani. "Mate, baba. Wamesema mate. Yatakuingia."

"Utafuta," akasema. Kisha tukasikia kiti kikigonga, anajaribu kukigeuza peke yake, kikiburuzika kwenye sakafu mpaka kikaangalia meza. "Najua unakula. Nakusikia unavyomeza. Njoo. Nimechoka kukaa mezani peke yangu."

Nilipika mimi. Viazi na nyama, harufu ikajaa vyumba vyote viwili, nami nilijua ninachomfanyia. Mdogo wangu akakaa mbele yake, sahani katikati, kitambaa safi begani. Akachukua kipande cha nyama. Akakishika muda mrefu. Shemeji akamwambia, "Polepole. Upande wa kulia kwanza."

Akatafuna. Shemeji akamtazama mdomo, na taya lake likaanza kutembea pamoja na la mkewe, tupu, upande mmoja ukiachwa nyuma. Mate yakamjaa, yakashuka kidevuni. Mdogo wangu akayafuta. Akatafuna tena. Akafuta tena. Kwenye kipande cha tatu au cha nne akachelewa na kitambaa, na mate yakaenda kusikostahili. Macho ya shemeji yakawa mekundu. Akashika mkono wa kiti, na mimi nikaona midomo inaanza kubana.

"Weee!" nikapiga kelele. "Usithubutu!"

Akaiachia. Akakohoa. Kikohozi kikubwa, kibaya, cha kuchana kifua, kikamkunja, kikamwinua, kikamkunja tena, matone yakaruka kwenye meza, kwenye viazi, usoni kwa mkewe. Kilikwenda mpaka nikadhani hakitaisha na kwamba nimemuua kwa sufuria ya nyama. Mdogo wangu alimshika paji la uso kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kwenye sahani, na niliona vidole vikiishika pembeni kama vile vilivyokuwa vikishika bakuli.

Kikapita. Shemeji akabaki anahema, anaiangalia sahani.

Mdogo wangu hakuiondoa. Alijifuta uso, akachukua kipande kingine, akakitia mdomoni, akatafuna huku analia, na kutafuna huku unalia ni kazi, koo linakuwa halijui lifungue njia ipi.